Mamlaka na Ushirikiano katika Kuwaelekeza Wanafunzi Wanaoandika Kiswahili cha Kitaaluma katika Nchi za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanajadili uhusiano baina ya mamlaka ya mwelekezi na ushirikiano wake na mwanafunzi anayeandika kazi ya kitaaluma kwa Kiswahili, hususani katika nchi ambazo wanafunzi wengi hawakukulia katika Kiswahili sanifu. Hoja inayotolewa ni kwamba mamlaka ya mwelekezi si kitu kimoja. Anayo ya kutosha kuhusu sarufi, anayo ya kujadiliwa kuhusu mila za uandishi wa kitaaluma, na ana kidogo sana kuhusu kile ambacho mwanafunzi amekiona uwandani. Kuzichanganya mamlaka hizo humnyamazisha mwanafunzi, na kuificha ya kwanza kwa jina la ushirikiano humwacha bila msaada anaouhitaji. Mjadala unatumia maandiko ya vituo vya uandishi, historia ya usanifishaji wa Kiswahili, na aya moja ya mfano.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kifanywe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maamuzi ya namna hii hujadiliwa kwa idadi: walimu wangapi, vitabu vingapi, vipindi vingapi kwa wiki. Tokeo lake moja halizungumzwi sana. Nchi inayohitaji walimu wa Kiswahili inahitaji pia shahada za Kiswahili, na shahada hizo hufika mahali pamoja: mwanafunzi amekaa na mswada wake, na mtu mwingine ameushika akiwa na kalamu mkononi.

Mtu huyo mwingine ataitwa hapa mwelekezi. Anaweza kuwa msimamizi wa tasnifu, mhadhiri wa stadi za mawasiliano, au mwanafunzi wa uzamili aliyepewa jukumu la kuwasaidia wa mwaka wa kwanza. Vyeo vyao vinatofautiana, lakini wote hukutana na swali lilelile: ni wakati gani wamwambie mwandishi la kufanya, na ni wakati gani wamwachie atafute mwenyewe? Mwelekezi akiamuru sana, kazi inakuwa yake na jina linabaki la mwanafunzi. Akijizuia sana, mwanafunzi anatoka chumbani ametendewa upole mwingi na mswada uko vilevile.

Kwa mwanafunzi aliyekulia Unguja au Mombasa, kosa la upande wowote kati ya hizo mbili hurekebishika, kwa kuwa lugha anayo. Kwa yule aliyekutana na Kiswahili sanifu darasani tu, kosa hilo linaweza kumgharimu shahada, au likampa shahada yenye sauti ya mtu mwingine. Jambo hilo linazihusu pia wizara za elimu, kwa sababu wahitimu hao ndio watakaorudi shuleni kuwasahihisha watoto wa wengine, nao watasahihisha kama walivyosahihishwa.

2.0 Mjadala ulikotoka

Maandiko mengi kuhusu suala hili yametoka Marekani, ambako vyuo vingi vina vituo vya uandishi, yaani ofisi ambamo mwanafunzi hupeleka mswada wake na kuusoma pamoja na mtu asiyemtahini. Stephen North, katika makala yake ya mwaka 1984 yaliyotoka katika jarida la College English, alishikilia kwamba kazi ya kituo ni kumjenga mwandishi, wala si kuutengeneza mswada alioubeba siku hiyo. Mwaka huohuo Kenneth Bruffee alieleza kwamba maarifa hukua katika mazungumzo ya watu walio sawa. Jeff Brooks, mwaka 1991, alizichukua fikra za namna hiyo na kuzifanya kanuni za vitendo: mwelekezi akae kando ya mwanafunzi badala ya kukabiliana naye ng'ambo ya meza, karatasi iwe karibu zaidi na mwenyewe, na mwelekezi asiandike juu yake.

Kanuni hizo zina uzuri wake. Zilikuja kama jibu kwa mazoea ya kuufanya mswada wa mwanafunzi uwanja wa wino mwekundu, na yeyote aliyewahi kupokea ukurasa wa namna hiyo anajua jinsi unavyokata tamaa. Hata hivyo, upinzani haukuchelewa. Mwaka 1991 Andrea Lunsford alionya kwamba ushirikiano wenyewe unaweza kuwa udhibiti uliovaa vazi jingine. Mwaka 1995 Linda Shamoon na Deborah Burns walionesha kwamba kutoelekeza kulikuwa kumegeuka imani isiyohojiwa, wakatoa mfano wa mafunzo ya muziki, ambako bingwa humkatiza mwanafunzi mbele ya wenzake, akampigia kipande, na mwanafunzi akaondoka akiwa mpigaji bora zaidi. Peter Carino, mwaka 2003, alikuja na kipimo chepesi: pale mwelekezi anapojua zaidi na mwanafunzi anapojua kidogo, na aelekeze zaidi, pale mwanafunzi anapojua zaidi, na arudi nyuma.

Kipimo cha Carino ndicho kinachofaa zaidi kwa mazingira yanayojadiliwa hapa, ila kinahitaji kusogezwa hatua moja. Kinazungumza kana kwamba kuna ujuzi mmoja unaopimwa kwa mzani mmoja. Mwanafunzi wa Kampala au Goma anaweza kuwa anajua kidogo kuliko mwelekezi wake kuhusu upatanisho wa kisarufi na wakati uleule akawa anajua zaidi kuhusu lugha inayosemwa katika kituo cha mabasi anachokichunguza. Mzani mmoja hautoshi kuwapima hao wawili.

Kuna jambo jingine ambalo mjadala huo wa Marekani hulichukulia kuwa la kawaida, nalo ni kwamba mwanafunzi akiulizwa alitaka kusema nini, anayo lugha ya kujibia. Anayeandika kwa lugha ya tatu huenda ana jibu safi kwa Kirundi au kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili akawa na nusu yake tu. Wood, Bruner na Ross walipoandika mwaka 1976 kuhusu msaada wa mkufunzi, walitumia sitiara ya jukwaa la wajenzi: huwekwa ili mtu afike mahali asipofika mwenyewe, kisha huondolewa. Jukwaa ambalo halijawekwa kabisa haliwezi kusifiwa kwa kuondolewa mapema.

Wala haihitajiki kwenda mbali kutafuta mfano wa uelekezi usioona haya kuelekeza. Fundi wa jahazi na mwanagenzi wake hawajadiliani kuhusu msumari uliopinda. Katika ushairi wa pwani mwanagenzi husahihishwa mizani na vina waziwazi. Hakuna malenga anayemuuliza mwanafunzi wake anaonaje kuhusu kipande chenye mizani tisa mahali pa minane. Hata hivyo, mapokeo hayohayo yana majibizano, ambamo aliye mdogo anaweza kumjibu mkubwa kwa beti, na mkubwa akalazimika kuijibu hoja yake. Mamlaka juu ya umbo na uhuru juu ya hoja vimekaa nyumba moja kwa muda mrefu bila kugombana.

3.0 Kalamu nyekundu ya Kiswahili sanifu

Mamlaka ya kusahihisha Kiswahili cha watu wengine ina historia yake katika eneo hili, na mwelekezi wa leo ameirithi, ajue asijue. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyozihusu Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya vitabu vya shule, kurekebisha lugha yake na kuipa ithibati ile iliyokubalika. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa maofisa wa serikali za kikoloni na watu wa misheni. Kwa maneno mengine, kalamu nyekundu ya kwanza ya Kiswahili sanifu ilishikwa na watu ambao wenyewe walikuwa wamejifunza lugha hiyo ukubwani.

Faida ya kazi ile haikanushiki. Bila tahajia ya pamoja kusingekuwa na kumbukumbu za makongamano ya aina hii. Ilichoacha nyuma, pamoja na tahajia, ni mazoea ya kufikiri kwamba kuna mahali pamoja panapojua na mahali pengine panaposahihishwa. Leo hata mahali hapo pamoja hapako. Mwanafunzi wa Uganda husoma kitabu kilichochapwa Nairobi na kufundishwa na mhadhiri aliyesomea Dar es Salaam. Anaandika tarakilishi, runinga na rununu kama alivyosoma. Mhadhiri anayakata na kuweka kompyuta, televisheni na simu ya mkononi. Hakuna kosa lililosahihishwa hapo. Kilichofanyika ni nchi moja kuipangia nchi nyingine msamiati, na aliyebeba gharama ni mtu wa nchi ya tatu. Nomino yenyewe ya makala ni shahidi: wapo wanaoandika makala hii na wapo wanaoandika makala haya, na mwanafunzi mwenye wasimamizi wawili anaweza kurekebishwa kwenda na kurudi ndani ya mwezi mmoja.

Upande wa magharibi hali ni ngumu zaidi. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina utaratibu wake: batu kwa watu, upatanisho uliopunguzwa, eko na pale sanifu inaposema ana. Mzungumzaji wake si mgeni wa Kiswahili. Ameishi nacho tangu utotoni, na akifika chuoni anaambiwa kwamba alichoishi nacho ni makosa. Kwa Mganda mzigo ni wa aina nyingine. Kiswahili kilikuja kwa wazee wake kikiwa na sauti ya jeshi, na baadhi ya familia hazijalisahau hilo, hata kama Katiba iliyorekebishwa mwaka 2005 ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mwelekezi anayemsahihisha kwa ukali huenda anaigusa kumbukumbu asiyoijua.

Hayo hayamwondolei mwelekezi wajibu wa kusahihisha. Mzungumzaji wa Kinyarwanda au wa Luganda anayezichanganya r na l, akaandika haki ya kupiga kula, anahitaji kuambiwa leo, kabla mtahini hajacheka.

4.0 Aya moja, mamlaka tatu

Ifikiriwe aya ifuatayo. Imetungwa kwa ajili ya mjadala huu, lakini waelekezi wa Bujumbura au Bukavu wataitambua sura yake. Mwanafunzi anaandika pendekezo la utafiti kuhusu lugha sokoni:

"Wafanyabiashara wanatumia Kiswahili kwa sababu wateja inatoka inchi mbalimbali. Bei tunataja kwa Kiswahili, lakini tukigombana tunarudi kwa Kirundi. Hii inaonesha kama Kiswahili ni lugha ya biashara tu."

Katika aya hii yamo mambo ambayo mwelekezi anayajua na mwanafunzi anayahitaji. Wateja huchukua upatanisho wa viumbe hai, hivyo wanatoka. Tahajia ni nchi. Baada ya kitenzi kuonesha, sanifu hutumia kwamba. Hakuna faida ya kumfanya mwanafunzi abahatishe mambo haya kwa maswali ya kuzunguka. Aambiwe, apewe kanuni kwa sentensi moja, arekebishwe mara ya kwanza, na mara ya pili katika ukurasa huohuo aachiwe alione kosa mwenyewe. Mwelekezi anayekataa kusema, kwa kuhofia kumnyang'anya mwandishi sauti, anamsukuma tu kwa mtahini ambaye hatakuwa na hofu hiyo.

Hata katika eneo hili la uhakika kuna namna ya kusema. Matumizi ya kama kwa maana ya kwamba yameenea katika Kiswahili cha Kongo. Mwanafunzi anayeelezwa kwamba umbo lake lina makwao, na kwamba tasnifu inataka umbo jingine, amepata taarifa anayoweza kuitumia maisha yake yote. Anayewekewa alama ya mkasi na neno "Sarufi!" amepata aibu, na wiki ijayo ataandika sentensi fupi zaidi ili asikosee. Bila shaka, ili aeleze hivyo mwelekezi lazima alijue hilo, na mafunzo mengi ya walimu wa Kiswahili hayamfundishi lolote kuhusu Kiswahili kilicho ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Eneo la pili ni la mila za taaluma, na ndilo linaloleta matatizo mengi. Karibu kila mwelekezi atazikata tunataja, tukigombana na tunarudi. Katika tasnifu za Kiswahili imezoeleka kwamba mwandishi hujitaja kwa nafsi ya tatu, mtafiti, au hajitaji kabisa. Mazoea hayo yapo, watahini huyatarajia, na mwanafunzi ana haki ya kuyajua. Lakini ni mazoea, sarufi haiyadai. Tena hapa kiambishi tu- kimebeba habari. Kinasema kwamba mwandishi ni mmoja wa wanaouza, au amekulia kwenye meza ya mama yake sokoni humo. Kikibadilishwa kimyakimya kuwa wafanyabiashara hutaja, sentensi inakuwa safi na msomaji anapoteza jambo la maana kuliko yote kuhusu data: mwandishi amejuaje? Mwelekezi anayetumia mamlaka yake vizuri hueleza mazoea, huuliza tu- hii ni ya akina nani, na akijibiwa, humwonesha mwandishi mahali pa kuiweka, yaani katika sehemu ya mbinu za utafiti, ambako nafasi ya mtafiti katika jamii anayoichunguza hujadiliwa waziwazi. Bila mamlaka ya mwelekezi mwanafunzi asingejua kwamba mahali hapo papo. Bila ushirikiano, mwelekezi asingejua kwamba kuna cha kuweka.

Eneo la tatu ni hoja yenyewe. Mwanafunzi anasema Kiswahili ni lugha ya biashara tu. Je, sentensi yake ya pili inaliunga mkono hilo? Ugomvi wa sokoni nao ni biashara: watu hugombania bei, deni, nafasi ya kupanga bidhaa. Swali linalofuata mwelekezi hana jibu lake hata kidogo: wanagombana na mteja, au wao kwa wao? Kama ni na mteja, basi mteja huyo anakijua Kirundi, na kuhama lugha kunasema kitu kuhusu ukaribu na hasira. Kama ni wao kwa wao, Kiswahili ni lugha ya mbele ya duka, na nyuma yake kuna lugha nyingine ya kuendeshea soko. Hizo ni tasnifu mbili tofauti. Mwelekezi mwenye haraka, au mwenye nadharia anayoipenda, atachagua mojawapo na kuiandika pembezoni, naye mwanafunzi ataifuata kwa utiifu, kisha atakwenda uwandani kuitafutia ushahidi. Makosa ya upatanisho yanarekebishwa kwa dakika tano. Hili halirekebishiki baada ya miezi sita.

Kinachotokea kwa kawaida ni kinyume cha uzito huo. Saa nzima huishia kwenye eneo la kwanza, kwa sababu makosa yake yanaonekana, yanahesabika, na kuyasahihisha humpa msahihishaji raha ya kazi iliyokamilika. Waelekezi waliofunzwa kwa mtindo wa vituo vya uandishi huagizwa waanze na hoja na kuacha sentensi mwishoni. Ushauri huo ni mwema, lakini hauwezi kufuatwa kama ulivyo kwa mwandishi wa lugha ya pili au ya tatu. Katika aya hii hoja imejificha ndani ya kiambishi kimoja cha nafsi. Asiyeanza na sentensi haifikii.

5.0 Lugha ya mwelekezi mwenyewe

Kiswahili kina njia nyingi za kuamuru bila kuonekana kuamuru, na mwelekezi huzitumia bila kufikiri. Iliyoenea zaidi ni nafsi ya kwanza wingi. "Tuondoe sentensi hii" inasikika kama mwaliko. Kwa mwanafunzi ni amri yenye ushahidi wa uongo kwamba naye ameafiki. Hapa inafaa kukumbuka kwamba mwelekezi anayesema tuondoe mara nyingi ndiye aliyemkataza mwanafunzi kusema tunataja.

Umbo la pili ni unaweza. "Unaweza kubadilisha neno hili" ni ruhusa au ni agizo? Mwanafunzi mwenye ujasiri huliacha neno, kisha hushangaa alama zikipungua. Asiye na ujasiri hulibadilisha hata pale ambapo mwelekezi alikuwa akifikiri kwa sauti tu. Ingekuwa heri kwa wote wawili kama mwelekezi angetenganisha: "Badilisha, upatanisho unadai hivyo," kwa upande mmoja, na "Mimi ningelibadilisha, lakini uamuzi ni wako, na mtahini anaweza kukuuliza sababu," kwa upande mwingine. Sentensi ya kwanza ni ya mwenye mamlaka, nayo haidhuru mtu kwa kuwa wazi. Ya pili ni ya mwenzake.

Maoni ya pembezoni yana tatizo lake. Haieleweki ni neno linaloandikwa na wasimamizi wengi, na kauli yake ya kutendeka imemwondoa msomaji kabisa: haieleweki kwa nani? Kosa linabaki ndani ya sentensi kama ugonjwa. Maoni kama "Hapa nimepotea, sijui ni nani aliyehojiwa" yanachukua nafasi kidogo zaidi ya karatasi, lakini yanamwonesha mwandishi msomaji halisi aliyekwama mahali halisi.

Kuhusu maswali, ambayo ndiyo chombo kikuu cha wanaopendelea ushirikiano, tahadhari inahitajika. Katika shule nyingi za eneo hili mwalimu huuliza anachokijua, ili apime. Mwanafunzi aliyepita miaka kumi na mitatu au zaidi katika utaratibu huo hawezi kuligeuza sikio lake kwa sababu tu amefika chuoni. Tanzania mwanafunzi huingia na shikamoo, akajibiwa marahaba, na nafasi za wote wawili zimekwisha kupangwa kabla mswada haujafunguliwa. Baada ya hapo mazungumzo huweza kwenda hivi:

"Hapa ulikuwa unamaanisha nini?"

"Samahani mwalimu, nitaiondoa."

Hakuna aliyemwambia aiondoe. Swali lilisikika kama lawama, na utiifu ukalijibu. Kumtaka mwanafunzi amwite mwelekezi kwa jina lake, kama inavyofanyika kwingineko, hakuondoi tatizo. Kwa wengi ni usumbufu wa ziada, na heshima ya salamu haina ubaya wowote. Kinachosaidia ni mwelekezi kuonesha kwamba swali lake ni la mtu asiyejua. "Mimi sijawahi kuuza kitu soko lile. Mkigombana, huwa ni juu ya nini?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa samahani. Linamtambua mwanafunzi kuwa ndiye anayejua, bila kumlazimisha mwelekezi ajifanye hajui upatanisho wa nomino.

6.0 Yanayohusu taasisi na sera

Sehemu kubwa ya usawa huu haiwezi kuachiwa tabia njema ya mtu mmoja. Pale ambapo msimamizi mwenye wanafunzi wengi hupewa mswada mzima wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho, atasahihisha tu, kwa kuwa kuzungumza kunataka muda. Saa za kukaa na mwanafunzi zihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mhadhiri kama saa za darasani zinavyohesabiwa. La sivyo kila warsha ya kuwafunza wahadhiri mbinu shirikishi itakuwa gharama ya bure.

Wanafunzi wa uzamili wanaweza kubeba sehemu ya kazi hii, kwa sharti kwamba wasiwe na sauti katika alama. John Trimbur alikwisha kuuliza, mwaka 1987, kama mtu anaweza kuwa mwenzi na mwelekezi kwa wakati mmoja, na mvutano aliouona haujatoweka. Lakini mwelekezi asiyetahini anaweza kusikia yale ambayo msimamizi hataambiwa, kwa mfano kwamba mwanafunzi hakuielewa nadharia aliyopangiwa. Mafunzo yao yasiishie kwenye sarufi. Yawe na vipindi kuhusu aina za Kiswahili za Kongo, Burundi, Kenya na Uganda, na kuhusu mahali zinapotofautiana na sanifu, ili mwelekezi ajue kosa ni lipi na tofauti ni ipi.

Pendekezo jingine huenda likapingwa na wapenzi wa lugha: mazungumzo ya uelekezi yasifungwe ndani ya Kiswahili. Tasnifu iandikwe kwa Kiswahili. Hilo halina mjadala. Lakini mwanafunzi akikwama, aruhusiwe kuieleza hoja yake kwa Kirundi, Luganda, Kifaransa au Kiingereza kwa mwelekezi anayeijua lugha hiyo, kisha wawili hao waitafutie Kiswahili chake. Hofu kwamba ruhusa hiyo itadhoofisha lugha haina msingi mzuri. Kinachoidhoofisha zaidi ni maelfu ya kurasa zilizoandikwa na watu waliosema kidogo kuliko walivyofikiri.

Upo pia upande wa kikanda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lililoko Kampala, vina uwezo wa kufanya jambo ambalo idara moja haiwezi: kukubaliana juu ya orodha fupi ya maumbo yanayokubalika kwa pamoja katika kazi za kitaaluma. Haihitaji kuwa kamusi. Kurasa chache zinazosema kwamba tarakilishi na kompyuta zote zinapita, kwamba makala hii na makala haya zote zinapita mradi mwandishi ashike moja hadi mwisho, na kwamba wateja inatoka haipiti popote, zingetosha kuanzia. Orodha hiyo ingepelekwa kwa mwanafunzi siku anapopewa msimamizi, na nakala yake ingefungwa pamoja na tasnifu inapotumwa kwa mtahini wa nje. Mtahini wa Dodoma anayekutana na runinga katika kazi iliyotoka Kampala angekuwa na karatasi ya kumwambia aendelee kusoma.